Mungu Hahitaji Uongo Wetu

Somo la wiki, kutoka mahubiri ya Jumapili

Andiko la msingi: Ayubu 13:7
Soma pia: Kutoka 20:16, Mithali 18:13, Matendo 17:26, 1 Wakorintho 15:14-15

Wiki hii somo letu linaanza na toba, na anayetubu ni mimi mchungaji wenu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kwenye madhabahu hii nikihubiri kutoka Mwanzo sura ya kwanza. Ibada ilikuwa imewaka. Nikafika mahali pa kusema juu ya wale wanaochimba mifupa ya binadamu wa kale kule Turkana, nikapaza sauti: "Hiyo mifupa haiko! Ni plasta tupu! Wameitengeneza ili wauze vitabu!" Watu wakapiga makofi. Nikaongeza, "Mwambie jirani yako, mimi sikutoka kwa nyani!" Mkageuka, mkaambiana, tukacheka, tukaendelea na sadaka.

Siku hiyo kwenye kinanda aliketi kijana wetu mmoja aliyekuwa kidato cha tatu. Baadaye Mungu akamfungulia mlango, akaenda chuo kikuu Nairobi. Huko wanafunzi wakapelekwa siku moja kwenye Makumbusho ya Taifa, naye akasimama mbele ya mifupa ile ile niliyosema haiko. Likizo ilipofika akaja kwangu nyumbani jioni. Mama wa nyumba akamwekea chai, hakuigusa. Akaniambia hivi, pole pole, bila hasira:

"Pasta, ulituambia haiko. Mimi nimeiona. Sasa nisaidie. Kama ulitudanganya juu ya kitu ambacho naweza kupanda matatu nikakione, nitakuamini vipi juu ya kaburi la Yesu ambalo siwezi kuliona?"

Wapendwa, sikuwa na jibu. Sikuwa nimewahi kukanyaga makumbusho hayo. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja juu ya mifupa hiyo. Nilikuwa nimesikia mhubiri mwingine akisema, likanipendeza, nikalisema kama langu. Nilidhani ninamtetea Mungu.

Ayubu alikuwa na marafiki wa namna hiyo. Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja kumtetea Mungu, na katika kumtetea wakasema mambo ambayo hawakuwa na uhakika nayo. Katika sura ya 13 mstari wa 7 Ayubu anawauliza kama kweli wanaona ni sawa kutumia maneno ya udanganyifu kwa ajili ya Mungu. Na ukifika sura ya 42 mstari wa 7, utaona Mungu mwenyewe amewakasirikia hao waliojifanya mawakili wake. Amri ya tisa inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Haikuweka nafasi ya kando kwa uongo wa kusaidia kanisa. Na mwanasayansi naye ni jirani.

Basi tujifunze mambo manne.

1. SIKILIZA KWANZA, NDIO UJIBU

Mithali 18:13 inatuonya kwamba anayejibu kabla hajasikia anajiletea upumbavu na aibu. Mimi aibu yangu mmeisikia. Sasa tusikie habari yenyewe.

Mwezi wa Agosti 1984, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kulikuwa na kambi ya wachimbaji karibu na mto mkavu unaoitwa Nariokotome. Kiongozi wa wachimbaji alikuwa Mkenya, Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani. Hakuwa na masomo mengi. Aliandikwa kazi ya kuchimba mwaka wa 1960 kule Olduvai, Tanzania, na Daktari Louis Leakey, akajifunza kazi kwa macho na mikono mpaka akawa fundi kuliko wengi wenye digrii. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Wenzake walipumzika, yeye akatoka kutembea kwenye mteremko wa mawe meusi, na kati ya mawe akaona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, cha kutosha kwenye kiganja, rangi yake karibu sawa na ya mawe yenyewe.

Kipande hicho kikaleta kingine. Kundi la Richard Leakey, mwana wa Louis, na mwenzake Alan Walker, likachimba pale kwa misimu kadhaa, likichekecha udongo kama vile mama anavyochekecha unga. Wakapata mifupa 108 ya mtu mmoja. Fuvu, taya, mbavu, uti wa mgongo, nyonga, mapaja. Sehemu kubwa ya viganja na nyayo haikupatikana. Alikuwa mtoto wa kiume, wengi wanakadiria kati ya miaka 8 na 12, lakini alikuwa tayari na urefu wa karibu sentimita 160. Alisimama na kutembea kama wewe na mimi. Fuvu lake lilikuwa dogo kuliko letu, paji limelala nyuma, na ubongo wake ulikuwa karibu theluthi mbili ya ubongo wa mtu mzima wa leo. Taya lake linaonyesha alama ya ugonjwa mahali jino lilipotoka. Huyo mtoto aliumwa na jino.

Wanasayansi wamempa aina yake jina la Homo erectus, maana yake mtu asimamaye wima. Sisi Wakenya tunamwita Kijana wa Turkana. Kwa kazi yake ya miaka mingi, Kamoya Kimeu alipewa medali mwaka wa 1985 na Rais Ronald Reagan wa Marekani. Alifariki mwaka wa 2022. Kwa hivyo niliposema madhabahuni kwamba ni watu fulani waliketi wakafinyanga plasta, nilimshuhudia uongo mzee huyu Mkamba aliyeinama juani miaka zaidi ya ishirini kabla ya kuokota kile kipande. Mungu anisamehe.

Wala si Turkana peke yake. Mkisimama Iten mkaangalia ng'ambo ya Bonde la Kerio, ile milima mnayoiona ni ya Tugen. Huko Baringo, mwaka wa 2000, kundi la Brigitte Senut na Martin Pickford lilipata vipande vya mapaja, meno na taya, wakaviita Orrorin tugenensis, jina walilotoa kwa lugha ya watu wa huko, lenye maana ya mtu wa asili. Wanasema vina miaka karibu milioni 6. Wanasayansi wengine wamebishana nao kama kiumbe huyo kweli alitembea wima. Hiyo pia ni sehemu ya habari.

Na kuna neno moja la kusahihisha. Hawa watu hawasemi kwamba nyani anayekula mahindi yako shambani ndiye babu yako. Wanachosema ni kwamba binadamu, sokwe na nyani wana ukoo wa zamani sana ulioachana njia. Unaweza kukataa hilo. Lakini ukikataa, kataa lile linalosemwa. Usikatae kinyago ulichokichonga mwenyewe.

2. JUA MIAKA INAHESABIWA VIPI

Mtu atauliza, "Pasta, hiyo miaka wanaitoa wapi? Mfupa una tarehe?" Ni swali zuri. Kijana wa Turkana anasemwa kuwa na miaka karibu milioni moja na nusu, na mfupa wenyewe hauna tarehe. Wanachopima ni majivu ya volkano.

Volkano inapolipuka, majivu ya moto huanguka na kufanya tabaka. Ndani yake kuna chembe zenye potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya agoni, pole pole, kwa mwendo unaojulikana. Yakiwa bado moto, gesi ya zamani hutoroka, ni kama saa imerudishwa sifuri. Yakipoa, gesi mpya inafungwa ndani. Mtaalamu akipima gesi iliyoko na potasiamu iliyoko, anapata miaka. Sasa mfupa ukipatikana kati ya tabaka la chini na tabaka la juu, umri wake uko katikati yao. Ni kama wewe unachimba shimo la zamani la takataka, unapata kiatu juu ya gazeti la 2015 na chini ya gazeti la 2018. Kiatu hakina tarehe, lakini unajua kilitupwa lini.

Kuna wapendwa wanaopenda Bwana kwa moyo wote na hawakubali hesabu hii. Wanasoma siku za Mwanzo kama siku za saa 24. Wengine, pia wameokoka na wamejazwa Roho, wanasoma siku hizo kama vipindi virefu, wakikumbuka kwamba Zaburi ya 90 na Waraka wa pili wa Petro zinatukumbusha kuwa Mungu hahesabu siku kama sisi. Wengine wanaona Mungu aliumba kupitia njia ndefu ambayo yeye ndiye aliyeiongoza. Somo hili halikuja kumfukuza mmoja wao. Lakini wote watatu wana sheria moja: ukipinga hesabu, onyesha kosa la hesabu. Usiseme hakuna aliyehesabu.

Mtakumbuka mwaka wa 2006, makumbusho ya Nairobi yalipokuwa yakikarabatiwa, Askofu Adoyo wa CITAM alisimama hadharani akapinga jinsi Kijana wa Turkana atakavyoonyeshwa, asije akaletwa kama ukweli usio na swali kwamba huko ndiko tulikotoka. Richard Leakey, ambaye hakuficha kwamba yeye si muumini, akamjibu kwa ukali. Mtu anaweza kukubaliana na askofu au asikubaliane. Lakini angalia, ubishi wao ulikuwa juu ya maana ya mifupa. Hakuna kati yao aliyesema mifupa haiko. Huo ni ubishi wa watu wazima.

3. SHAHIDI ANAWEZA KUKOSEA, NA ANAWEZA KUJIFUNZA

Zamani nilikuwa napenda kuhubiri juu ya Piltdown. Kule Uingereza, mwaka wa 1912, ilitangazwa kwamba fuvu la binadamu wa kale sana limepatikana. Kumbe lilikuwa fuvu la mtu wa kawaida limeunganishwa na taya la nyani mkubwa aitwaye orangutani, meno yamepigwa tupa, mfupa umepakwa rangi uonekane mzee. Udanganyifu mtupu! Nilikuwa napiga meza hapo.

Sehemu ambayo sikuwa nawaambia ni hii: waliofichua uongo huo mwaka wa 1953 walikuwa wanasayansi. Walirudi, wakapima, wakaanika aibu ya nyumba yao wenyewe mbele ya dunia. Uongo ulikaa miaka 41, na ushahidi ukaufukua. Kama watu wasiodai upako wanaweza kufanya hivyo nyumbani kwao, sisi je?

Sasa sikia habari ya Louis Leakey. Huyu hakuwa mgeni hapa. Alizaliwa Kabete mwaka wa 1903. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmisionari, na ni mmoja wa waliosaidia kutafsiri Maandiko kwa Gikuyu. Ile Biblia ambayo cucu wengi wa Yamumbi walishika mkononi, mkono wa mzee huyo umo. Louis alikua akizungumza Gikuyu kama watoto wenzake, na katika ujana wake alitaka kuwa mmisionari kama baba yake. Hatimaye akashika kazi ya mifupa.

Mwaka wa 1932, kule Kanam karibu na Ziwa Victoria, mfanyakazi wake Juma Gitau alipata kipande cha taya. Leakey akatangaza Uingereza kwamba ni la zamani mno, kuliko yote. Wengine wakawa na shaka. Yeye mwenyewe akamwalika profesa wa miamba, Percy Boswell, aje ajionee, naye akaja mwanzoni mwa 1935. Sasa, Leakey alikuwa amepigilia vigingi vya chuma kuonyesha mahali hasa. Walipofika, vigingi havipo! Wenyeji walikuwa wameona chuma kizuri, wakakichukua kwa matumizi yao. Akatoa picha aliyokuwa ameichapisha. Kumbe picha ni ya mahali pengine. Boswell akarudi na kuandika kwamba ushahidi haupo, na jina la Leakey likaumia vibaya kule Cambridge. Baadaye wengi wakakubali kwamba taya lile si la zamani kama alivyodai.

Yeyote aliyewahi kununua ploti ya hamsini kwa mia hapa Yamumbi anaelewa uchungu huo. Ukija asubuhi ukute jiwe la soroveya limeng'olewa, unaweza kulia, unaweza kuapa, lakini huwezi kuonyesha mpaka.

Leakey angeweza kukasirika na kuacha, ama kuanza kudanganya. Alijifunza. Tarehe 17 Julai 1959, kule Olduvai, yeye akiwa mgonjwa kitandani kambini, mke wake Mary alitoka peke yake na mbwa zao, akaona meno na mfupa wa fuvu ukitokeza kwenye mteremko. Walikuwa wametafuta huko kwa miaka mingi. Mwili wote ungetaka kukimbilia na kukichomoa siku hiyo hiyo! Hawakukigusa. Walikifunika, wakangoja siku kadhaa mpaka mpiga picha Des Bartlett afike, ili kila hatua ionekane na mtu asiye wao. Miaka miwili baadaye majivu ya mahali pale yakapimwa, yakaonyesha miaka milioni 1.75. Safari hii hakuna aliyeuliza kigingi kiko wapi.

Wapendwa, sisi tunapenda neno ushuhuda. Kila Jumatano kuna ushuhuda. Basi tujiulize, tunangoja mpiga picha? Mtu akisema ameponywa sukari, tunamwambia arudi kwa daktari apimwe ndipo asimame hapa, ama tunapiga makofi kwanza? Yesu alimponya mwenye ukoma katika Luka 5:14, kisha akamtuma kwa kuhani akakaguliwe. Yesu hakuogopa kipimo.

4. IMANI YETU IMEJENGWA WAPI?

Nilipokuwa nimekaa kimya mbele ya yule kijana na chai yake inapoa, Roho Mtakatifu alinikumbusha 1 Wakorintho 15. Paulo anasema kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Hapo ndipo alipoweka uzito wote. Hakuuweka juu ya umri wa mawe. Na mstari wa 15 unatisha zaidi: anasema ikiwa Kristo hakufufuka, basi sisi mitume tumeonekana kuwa mashahidi wa uongo juu ya Mungu. Paulo aliogopa kumshuhudia Mungu uongo hata katika jambo la ufufuo! Ndiyo maana kabla ya hapo anataja mashahidi: Petro, wale kumi na wawili, na ndugu zaidi ya 500, wengi wao wakiwa bado hai wakati huo. Ni kama kusema, nendeni mkawaulize.

Mfupa wa Nariokotome unaweza kutuambia urefu wa mtoto na jino lililomuuma. Hauwezi kutuambia kama kuna aliyemlilia. Hauwezi kutuambia kwa nini tunaona aibu tukidanganya. Hauwezi kusamehe dhambi. Mwanzo 1:27 inatuambia mwanadamu ana mfano wa Mungu, na Mwanzo 2:7 inatuambia aliumbwa kwa mavumbi ya ardhi. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni lile la kazi ya mfinyanzi. Maandiko yenyewe yalikwisha kutuambia sisi ni udongo. Kwa nini basi tunashtuka mtu akiokota mfupa udongoni?

Mimi ninaamini Mungu ndiye Muumba, ninaamini tulianguka, na ninaamini Mwokozi ni mmoja. Jinsi ya kuweka mtoto wa Turkana kando ya Adamu, mstari kwa mstari, sijui. Hilo neno "sijui" nililiogopa miaka yote ya huduma. Nilipolisema kwa yule kijana jioni ile, ndipo alipochukua kikombe.

NENO KWETU SISI WA YAMUMBI

Kuna atakayesema, "Pasta, haya ni mambo ya wasomi. Sisi tunatafuta karo na mbolea." Ndugu yangu, wewe unajua kuliko msomi yeyote kwamba uongo juu ya mahali mtu ametoka unaweza kuua.

"Nyinyi mmetoka wapi?" Swali hilo hapa kwetu liliwahi kuulizwa watu wakiwa na silaha mkononi. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, hapa hapa Eldoret, lilichomwa moto watu wakiwa wamekimbilia ndani. Moto haukuanza na kiberiti. Ulianza na maneno, fulani si wa hapa, fulani si mtu kama sisi. Maneno hayo yalisemwa na watu waliojua kusoma Biblia, na wengine wetu tukanyamaza.

Matendo 17:26 inasema Mungu alifanya mataifa yote kutoka kwa mmoja. Na hawa wanasayansi tuliokuwa tunawacheka, baada ya kuchimba na kupima, wanasema nini? Wanasema watu wote walio hai leo ni jamii moja, na mizizi yetu sote iko hapa Afrika. Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mturkana, Mkisii, Mzungu wa Uingereza, damu moja. Hapo mfupa na Maandiko wamekutana, nami kwa kiburi nilikuwa nimemwambia shahidi wa pili anyamaze.

Jina la mtaa wetu linamtaja Mumbi. Waulize wazee wanaojua Gikuyu, watakuambia neno hilo ni la kuumba, la mwenye kufinyanga chungu. Tunaishi kwenye mtaa wenye jina la mfinyanzi. Basi chungu kisimwambie chungu, wewe si wa udongo huu.

Yule kijana bado hajarudi kwenye kinanda. Akiwa likizo huja ibada ya pili, anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Simsukumi. Jumapili iliyopita, nilipokuwa natubu mbele yenu, nilimwona ameinamisha kichwa. Sijui alikuwa anaomba ama analia ama anaangalia simu. Mniombee, na mumwombee.

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

Mzazi, mtoto akikuuliza juu ya binadamu wa kale, usimpige wala usimtishe na jehanamu. Mwambie aandike kwenye mtihani kile mwalimu alichofundisha, kisha kaeni pamoja msome Mwanzo 1 na 2, mzungumze.

Kijana, usiache imani kwa sababu mchungaji alikosea. Mchungaji si msingi. Na usimdharau mama yako asiyejua mambo ya potasiamu. Yeye alikuombea ukafika huko chuoni.

Kila mmoja wetu, kabla ya kusema "nasikia" ama kutuma ujumbe kwa simu, uliza: nimeona? Nimesoma? Kigingi kiko wapi?

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Ayubu 13:7 na 42:7. Kwa nini Mungu aliwakasirikia watu waliokuwa wanamtetea?
2. Je, umewahi kurudia jambo juu ya watu wa imani nyingine, kabila lingine au kazi nyingine, ukagundua si kweli? Ulilisahihisha vipi?
3. Kwa nini Yesu alimtuma yule mwenye ukoma kwa kuhani (Luka 5:14)? Linatufundisha nini juu ya ushuhuda wetu?
4. Matendo 17:26 lingebadilisha nini katika jinsi tunavyozungumza na majirani wetu hapa Yamumbi, hasa wakati wa uchaguzi?

MAOMBI

Bwana Mungu Muumba wetu, tusamehe kwa kila neno tulilosema kwa jina lako bila kuwa na hakika. Wewe ni kweli, nawe huogopi swali lolote. Tupe ujasiri wa kusema tunachojua, na unyenyekevu wa kunyamaza tusipojua. Warudishe vijana wetu walioumizwa na maneno yetu. Tufanye watu wa udongo mmoja, katika jina la Yesu. Amina.